Tahadhari kwa wanaonunua gemu za PS kwa bei ya chini mitandaoni

Ndugu wapenzi wa gemu, ninaandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji mmoja anayejitangaza Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp hapa Dar es Salaam kwamba anauza gemu za kupakua za PS4 na PS5, yaani mashine za PlayStation za Sony, kwa shilingi 35,000, zikiwemo mpya kabisa ambazo kwenye duka la Sony huuzwa dola 70, yaani zaidi ya shilingi 150,000. Jina la ukurasa wake silitaji, kwa kuwa limeshabadilishwa mara kadhaa na litabadilishwa tena. Kinachofaa kujulikana ni namna anavyofanya kazi, maana wapo wengine wanaofuata mtindo huohuo.

Mdogo wangu alinunua kwake gemu ya mpira. Alipotaka kulipa, jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke asiyehusiana kabisa na ukurasa ule, na alipouliza akajibiwa kwamba huyo ni mhasibu wa duka. Akatumiwa barua pepe na nenosiri, akaelekezwa aingie kwenye akaunti hiyo, apakue gemu, kisha arudi kucheza kwa akaunti yake mwenyewe na asibadilishe chochote. Gemu ilichezeka vizuri kwa wiki kadhaa, hadi asubuhi moja alipowasha mashine akakuta alama ya kufuli kando ya jina la gemu. Muuzaji alidai kwamba Sony wanafanya marekebisho na kwamba inahitajika shilingi 10,000 ya kufungulia. Alipolipwa alituma nenosiri jipya, gemu ikafunguka kwa siku chache, kisha kufuli likarudi na namba ya mdogo wangu ikazuiwa.

Anachouza mtu huyu ni nafasi ya kuingia kwenye akaunti yake, wala si gemu. Kwa utaratibu wa Sony, akaunti moja huweza kuwekwa kuwa kuu kwenye PS4 moja tu kwa wakati mmoja, na yeyote anayetumia mashine hiyo hucheza gemu za akaunti ile hata intaneti ikiwa imekatika. PS5 nayo ina utaratibu wa namna hiyo, vilevile kwa mashine moja. Mwenye barua pepe ndiye mwenye akaunti, kwa hiyo anaweza kuingia kwenye tovuti akaziondoa mashine zote kwa mpigo, jambo ambalo Sony huliruhusu mara moja kila baada ya miezi 6, kisha nafasi ileile akamuuzia mtu mwingine. Mashine yako ikiungana na intaneti na kukuta haki imeondolewa, ndipo kufuli linapotokea. Yale "marekebisho" aliyoyalipisha shilingi 10,000 hayakuwa na maana nyingine isipokuwa kuruhusiwa kuingia kama mgeni, mpaka atakapopatikana mteja mwingine wa kupewa nafasi hiyo.

Baadhi ya akaunti hizi ni mbaya zaidi, kwa sababu gemu zilizomo zimenunuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa, na mwenye kadi akilalamika benki hurudisha fedha na akaunti hufungwa. Masharti ya Sony nayo yanakataza kuuza akaunti, hivyo ukiwaandikia kuomba msaada huna hoja ya kusimamia. Ndugu wawili wanaoaminiana kuchangia akaunti moja nyumbani ni jambo jingine, na binafsi sioni ubaya wake mkubwa. Lakini kumpa mgeni fedha yako ili aendelee kushika ufunguo ni kumwachia fisi bucha.

Matapeli hawa wananufaika na jambo moja ambalo wengi wetu tunalijua: Sony haijafungua rasmi PSN, yaani huduma yake ya mtandaoni ya PlayStation, kwa Tanzania, kwa hiyo hulazimika mtu kufungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na mara nyingi kadi za benki zetu hukataliwa huko. Hapo ndipo wanapoingia na vocha, yaani namba za kujazia salio kwenye duka la Sony. Vocha ya Marekani haikubali kwenye akaunti ya Uingereza, na muuzaji mjanja hutumia kisingizio hicho hicho pale anapokupa vocha iliyokwisha kutumika: atasema umekosea nchi. Muulize vocha ni ya nchi gani kabla ya kulipa, na jibu lake liwe kwa maandishi.

Lipo pia ombi ambalo halipaswi kukubaliwa kwa hali yoyote. Muuzaji akishaona umeudhika, hukuambia atakuhamishia gemu kwenye akaunti yako mwenyewe, mradi umtajie namba ya uthibitisho itakayoingia kwenye simu yako. Gemu iliyonunuliwa kwenye akaunti moja haihamishiki kwenda nyingine. Namba ile ni ya kumwezesha kuichukua akaunti yako, pamoja na gemu zako zote halali.

Anayetaka kubana matumizi anazo njia zenye usalama zaidi. Gemu ya CD iliyotumika unaiona kwa macho, unaijaribu dukani, na ukiichoka unaiuza au mnabadilishana. Ila wenye PS5 isiyo na sehemu ya CD njia hiyo imefungwa kwao, isipokuwa kwa matoleo yanayokubali kuongezewa sehemu hiyo. Gemu za mpira za EA hutoka karibu kila Septemba, na ya mwaka uliopita huteremka bei sana baada ya hapo. eFootball na Fortnite ni za bure. Kwa wenye kompyuta, duka la Epic limekuwa likitoa gemu za bure tangu Desemba 2018, na Steam, duka jingine la gemu za kompyuta, hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujacheza zaidi ya saa 2.

Kwa aliyekwisha kununua akaunti ya namna hii: ondoa kadi yako ya benki ikiwa uliiweka humo, wala usiongeze salio lolote, na hakikisha unacheza kwa akaunti yako, kwani ukicheza kwa akaunti yake hatua zote ulizofikia zitabaki huko. Hifadhi picha za mazungumzo na ujumbe wa muamala. Pigia kampuni yako ya simu mapema, kabla fedha haijatolewa, tuma namba ya tapeli kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu utapeli wa aina hii, na kiasi kuwa kidogo si sababu ya kukaa kimya, kwa kuwa namba moja ikilalamikiwa na watu wengi ni rahisi zaidi kufungiwa.