Ambulensi inafika chap, ila huku nyuma jishikilie mwenyewe

Nimetumia hii huduma ya ambulensi ya kulipia mara mbili mwezi huu, kumpeleka mama hospitali na kumrudisha, jina lao siliweki manake nishaongea nao wenyewe wakanisikiliza, ila nasema nilichokiona kwa sababu watu huwa wanasifia tu "walifika haraka" halafu basi. Kufika walifika haraka kweli, simu ilipokelewa papo hapo, nesi mpole, kila anachomfanyia mama anamweleza kwanza, gari safi. Hapo sina neno.

Shughuli ilianza tulipoondoka. Mi nikawekwa kwenye lile benchi la pembeni, unakaa ubavu ubavu unamtazama mgonjwa, mkanda upo lakini umezama huko chini ya kiti, nimevuta umegoma, nikaona aibu kuuliza, wenzangu wanahangaika na mama mi naulizia mkanda? Nikaacha. Nesi naye kasimama, mkono mmoja kwenye dripu mwingine kashika bomba la juu. King'ora kinalia, dreva anakanyaga mafuta. Kumbuka mama kavunjika nyonga, anapumua vizuri, presha yake iko sawa, anaongea, sasa king'ora cha nini jamani? Kufika njiapanda taa nyekundu, dreva kaingia tu, gari ikachomoza kulia, akafunga breki.

Hatukugonga mtu. Ila mimi nilichomoka kwenye benchi nikajipigiza mbavu kwenye kabati, nesi akaniangukia mgongoni, na mama, yani machela yenyewe haikusogea hata kidogo, imejifunga vizuri sakafuni, lakini mama aliyekuwa juu yake kateleza mpaka utosi ukagusa ukuta wa mbele. Nikajiuliza si amefungwa? Kuangalia, mkanda wa kiunoni upo, wa miguuni upo, ile ya mabegani inaning'inia chini ya machela imekunjwa vizuriii kama ilivyotoka kiwandani. Mgonjwa analazwa kichwa kikiwa upande wa dreva, kwa hiyo breki ikifungwa mwili unakimbilia kichwani, wa kiunoni na wa miguuni haiwezi kuuzuia, hiyo ni kazi ya mikanda ya mabega. Kuifunga ni sekunde tu.

Halafu kuna mtungi mdogo wa oksijeni ulikuwa umesimamishwa tu pale kona, ukaanguka ukabiringika ukanipita kwenye kifundo cha mguu. Ulaya wana kiwango chao cha ambulensi, EN 1789, kinataka vifaa vya ndani vifungwe kiasi cha kuhimili nguvu ya mara 10 ya uzito wao, sasa piga hesabu mtungi wa kilo 5 kwenye ajali yenyewe unavutika kama kilo 50, na hapo mbele yake kuna kichwa cha mgonjwa.

Nilimuuliza nesi mbona hafungi mkanda, akanijibu bila kuficha, ukifunga mkono haufiki kwa mgonjwa, kila kitu kiko mbali. Nikamuelewa, na wala si yeye peke yake, NHTSA, wakala wa usalama barabarani wa Marekani, kwenye ajali mbaya za ambulensi walizochunguza walikuta asilimia 84 ya wahudumu waliokuwa nyuma hawakufunga mkanda. Anayekaa mbele ana mkanda na eabegi, huku nyuma ndo kuna mgonjwa, eabegi hakuna na mkanda uliopo haufungwi. Hapo lawama naipeleka kwa mwenye gari, apange vifaa upya viwe karibu na kiti.

Mbavu zilinisumbua wiki nzima, kucheka shida, kukohoa ndo usiseme.

Siku ya kumrudisha mama nikapiga simu mapema nikawaambia nataka mikanda ya mabega na sitaki king'ora. Hawakubisha. Kaja nesi yuleyule, akamfunga mama mabegani kwanza, akanichomolea mkanda wa benchi kwa kuzamisha mkono mpaka kiwiko (kumbe unatoka!), na yeye mwenyewe akakaa kile kiti cha kichwani kinachotazama nyuma, akafunga. Safari ilichukua dakika kama sita zaidi ya ile ya kwanza, mama kalala njia nzima.

Mtungi ulikuwa palepale kona, safari hii wameufunga kwa bandeji. Nyota tatu.