Zotero katika ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho: tathmini baada ya miezi tisa ya matumizi

Nimetumia Zotero kwa miezi tisa, kuanzia wiki ambayo kikundi chetu cha watu watatu kiliwasilisha pendekezo la mradi katika idara ya teknolojia ya habari hadi siku tulipokabidhi nakala zilizojalidiwa. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mwanafunzi anayeanza sasa sura ya kwanza huku akiamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba marejeleo ni kazi ya usiku wa mwisho. Mradi wetu ulikuwa mfumo wa kufuatilia akiba ya dawa katika zahanati kwa njia ya USSD, yaani menyu za simu zinazofunguliwa kwa kupiga namba fupi bila intaneti, ili mhudumu asiye na simu janja naye aweze kutoa taarifa. Kuunda mfumo kulichukua muda mrefu, lakini kilichotutoa jasho mbele ya msimamizi ni ripoti, na ndani ya ripoti ni sura ya pili, ile ya mapitio ya machapisho, ambayo kila sentensi yake huulizwa imetoka wapi.

Zotero ni programu huria ya kukusanya, kupanga na kutaja vyanzo. Ilianzia mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, hupakuliwa bila malipo, na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ukiwa umefungua makala kwenye Chrome au Firefox, kiendelezi chake, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, huchukua jina la mwandishi, kichwa cha makala, jarida na mwaka, na mara nyingi faili la PDF pia, vyote kwa kubofya mara moja. Kisha, ndani ya Microsoft Word, LibreOffice au Google Docs, kiongezo chake huweka rejeo mahali unapoandika na kuijenga orodha ya marejeleo mwishoni mwa ripoti. Tulianza kwa mtindo wa marejeleo wa APA, unaotaja jina la mwandishi na mwaka, na katikati ya muhula tukaelekezwa tutumie ule wa IEEE, unaotumia namba. Vyanzo vyetu 47 vilibadilika kuwa namba ndani ya mabano ya mraba kwa muda usiozidi dakika moja, na kila tulipoongeza chanzo katikati ya sura namba zilizofuata zilijipanga upya zenyewe. Aliyewahi kufanya kazi hiyo kwa mkono, akahamisha aya moja na kulazimika kurekebisha namba 30, anafahamu uzito wa jambo hili.

Hata hivyo, sifa hiyo ya kupanga mitindo, ambayo ndiyo hutajwa kwanza na kila mtu, si ile iliyonifanya niiheshimu programu hii. Katika mwezi wa tatu mwenzetu mmoja, akiwa na nia njema na muda mchache, aliiomba programu ya mazungumzo ya akili unde impatie vyanzo kuhusu matumizi ya USSD katika huduma za afya. Alirudi na orodha ya makala 11, kila moja ikiwa na waandishi, jarida, mwaka na namba ya DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni, na orodha nzima ilipendeza macho. Nilianza kuziingiza namba hizo moja moja katika kisanduku cha Zotero chenye alama ya kijiti, ambacho hupokea DOI au ISBN (namba ya kitabu) na kujaza taarifa zote za chanzo. Sita hazikupatikana popote. Moja ilipatikana, lakini ilileta makala ya fani nyingine kabisa, isiyohusiana hata na simu. Makala nne tu ndizo zilizokuwapo kweli, na katika hizo nne, mbili zilisema jambo tofauti na muhtasari tuliokuwa tumepewa. Ilikuwa jioni nzito kwa kikundi, kwa sababu aya tatu za sura ya pili zilikuwa zimekwisha kuandikwa juu ya msingi huo.

Tangu siku hiyo tulijiwekea sharti kwamba hakuna rejeo linaloingia katika ripoti kabla faili lake halijawa ndani ya maktaba ya Zotero na angalau mmoja wetu hajalifungua, kulisoma na kupigia mstari sehemu inayohusika. Programu inalirahisisha sharti hili, kwa sababu tangu toleo la 6 ina kisomaji chake cha PDF: maneno uliyoyatia rangi yanaweza kuhamishiwa kwenye dokezo, na dokezo hubaki na kiungo kinachokurudisha kwenye ukurasa uleule yalikotoka. Kwa mwanafunzi anayeandika ripoti ya kurasa 80, hii ndiyo thamani kubwa kuliko zote, kwamba kati ya namba iliyo kwenye ripoti na ukurasa wa chanzo hakubaki pengo ambamo uongo unaweza kukaa. Zotero haikusomei wala haikuandikii, lakini anayeitumia kwa uaminifu hupata shida kutaja kitu asichokiona.

Sasa niseme wazi kuhusu usafi wa taarifa, maana hapa ndipo wengi hukwama na kuilaumu programu. Kiendelezi huchukua kile ambacho tovuti imekiandika, na tovuti nyingi zimeandikwa kwa uzembe. Ripoti moja ya taasisi ya umma ilihifadhiwa kwetu kwa kichwa kisemacho "Mwanzo", kwa kuwa ndivyo ukurasa ule ulivyojitambulisha. Majina ya taasisi yanahitaji uangalifu wa pekee: ukiacha "Wizara ya Afya" igawanywe katika jina la ukoo na jina la kwanza, mtindo wa IEEE utaifupisha kuwa "W. ya Afya", kama vile ni jina la mtu, na kosa hilo litatokea katika kila toleo la ripoti hadi ubofye kitufe kidogo kando ya jina na kulifanya sehemu moja. Majina ya waandishi wetu pia yana matatizo yake. Mwandishi mmoja wa Kitanzania tuliyemtegemea sana alikuwa ameandikwa na majarida mawili kwa mpangilio tofauti wa majina yake matatu, na katika orodha yetu ya mwanzo alionekana kuwa watu wawili. Vichwa vya makala navyo ni vivyo hivyo: ni busara kuvihifadhi kwa herufi kubwa mwanzoni tu na katika majina maalumu, kwa sababu programu huweza kuvikuza kwa mtindo unaotaka hivyo, lakini haiwezi kujua kwa uhakika neno gani lilipaswa kubaki dogo. Mimi nilitenga saa moja kila Jumamosi kwa kazi ya kusafisha, na sikuona njia fupi zaidi.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wa fani nyingine hulihitaji kidogo lakini sisi wa teknolojia ya habari tunalihitaji sana, nalo ni kutaja programu na nyaraka za kiufundi. Zotero ina aina maalumu ya chanzo kwa ajili ya programu za kompyuta, pamoja na nafasi ya namba ya toleo, na kwa kurasa za tovuti huandika yenyewe tarehe uliyozifungua. Nyaraka za maktaba za programu, yaani misimbo iliyoandikwa tayari ambayo mtayarishaji huitumia katika mfumo wake, hubadilika kila toleo linapotoka, kwa hiyo tarehe hiyo ina maana yake, na ningependa kuona ripoti nyingi zaidi zikiizingatia.

Kwa mazingira yetu, ubora mwingine mkubwa ni kwamba maktaba yote hukaa ndani ya kompyuta yako. Bando likiisha au umeme ukikatika na ukabaki na chaji ya betri tu, bado unasoma, unaandika na kuweka marejeo. Kuoanisha taarifa za vyanzo kupitia akaunti hakuna kikomo, ila mafaili yenyewe hupewa nafasi ya MB 300 bila malipo, na GB 2 hulipiwa dola 20 kwa mwaka. Sisi tulijaza MB 300 katika mwezi wa nne, hasa kwa sababu ya ripoti zilizoskaniwa kama picha, na ni vyema kujua kwamba mafaili ya maktaba ya kikundi huhesabiwa kwenye nafasi ya aliyekiunda. Tuliondoa PDF nzito mtandaoni na kuzigawana kwa flashi. Kwa nakala ya akiba, funga programu kwanza, kisha nakili folda yake nzima. Usiiweke folda hiyo ndani ya Dropbox au huduma inayofanana nayo, kwa maana hifadhidata inaweza kuharibika.

Kasoro inayoweza kuumiza zaidi ni hii: kiongezo kinafanya kazi katika zile programu tatu za uandishi nilizozitaja, na marejeo yake ni hai ndani ya hizo tu. Mwenzetu alifungua sura ya nne kwenye simu kwa programu nyingine, akarekebisha makosa ya tahajia, akahifadhi. Tulipoifungua tena kwenye Word, marejeo yote ya sura hiyo yalikuwa maandishi ya kawaida, hayajipangi tena. Tuliyaweka upya moja baada ya jingine kwa saa nne. Vivyo hivyo, usiiruhusu steshenari ihariri faili lako la asili. Peleka PDF ya kuprinti, faili la Word libaki kwako.

Kuhusu mbadala, sehemu ya marejeleo iliyomo ndani ya Word inatosha kwa insha fupi, ingawa mtindo wake wa IEEE ni ule wa mwaka 2006. EndNote hulipiwa. Mendeley, ambayo ilinunuliwa na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier mwaka 2013, ni nzuri kwa anayeizoea, lakini mimi nilitaka kazi yangu ibaki katika programu ambayo msimbo wake uko wazi.

Siku ya utetezi, mtahini wa nje alifungua ukurasa wa 6, akaweka kidole kwenye idadi ya watu 61,741,120 ya sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, na kuuliza kama tumeitoa kwenye habari za magazetini au kwenye ripoti yenyewe. Niligeuza kompyuta upande wake, nikabofya rejeo ndani ya maktaba, na ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikafunguka penye mstari niliokuwa nimeutia rangi miezi saba kabla. Aliusoma hadi mwisho, akaandika kitu kwenye fomu yake, kisha akauliza jinsi mfumo wetu unavyoshughulikia kipindi cha USSD kinapokatika kabla mhudumu hajamaliza kutuma hesabu ya dawa.