Huduma ya wakili kwa ukoo unaotoa ardhi ya kuhifadhiwa: tuliyoyaona Moshi

Kihamba cha ukoo wetu, yaani shamba letu la kurithi, kipo Marangu, na pembeni yake, chini ya migomba, kuna mdomo wa handaki la aina waliyochimba Wachagga wa zamani ili kujificha pamoja na mifugo wakati wa vita. Tulipokubaliana kwamba kipande hicho kitengwe kwa ajili ya uhifadhi, kisije kugawanywa tena kwa wajukuu, tulikwenda kwenye ofisi moja ya wakili mjini Moshi ili tuandaliwe hati ya zawadi. Ofisi hiyo siitaji, kwa kuwa si yote nitakayoyasema yatakayowapendeza.

Ushauri wao ulistahili fedha tuliyolipa. Sisi tulidhani kazi ni kusaini karatasi mbele ya mashahidi na kukabidhi. Wakili alitueleza kwa utulivu kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, kwa hiyo kinachotolewa ni haki ya kuitumia, nayo haki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Akatuzuia pia kuutegemea ukongwe wa handaki peke yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, ilhali ya baadaye huhitaji tangazo la waziri, na sisi hatuna maandishi yoyote yanayoonyesha handaki lilichimbwa lini. Baba mkubwa alitaka zawadi iandikwe kwa jina la kijana mmoja mwaminifu wa ukoo. Wakili alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Na huyo kijana akifariki, mzee, watoto wake tunawafahamu?" Ndipo tukakubali kuunda bodi ya wadhamini na kuisajili RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, ili mwenye haki awe chombo kisichokufa wala kurithiwa.

Upimaji ndio uliotuudhi. Mpima ardhi aliyeletwa na ofisi hiyo alifika akiwa amechelewa wiki tatu, na gharama za usafiri wake, ambazo hazikuwamo katika makubaliano ya awali, tulizikuta kwenye ankara ya mwisho. Zaidi ya hayo, vijana wake walianza kufyeka masale, ile mimea inayopandwa mipakani, ili wapate nafasi ya kusimika bikoni, yaani nguzo za alama za mpaka. Kwa Mchagga sale ndilo mpaka wenyewe, na ndilo pia analolishika anayekuja kuomba msamaha, kwa hiyo kulikata mbele ya wazee ni kutafuta ugomvi ambao hakuna hati itakayoumaliza. Walisimamishwa kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi barabarani. Hatimaye bikoni zilisimikwa kando ya masale, na ramani ikatoka sahihi.

Kwa uandishi wa hati na uvumilivu mbele ya wazee, ofisi hiyo naipa nyota nne kati ya tano, na kwa upimaji, mbili. Atakayewafuata aombe gharama zote kwa maandishi kabla ya kulipa chochote, usafiri ukiwamo, na siku ya kupima mzee wa ukoo awepo shambani kabla ya panga la kwanza kuinuliwa.