Safari ya ghafla Iringa: Boma, Kalenga na mafundi wa Neema

Makumbusho ya Iringa Boma ni madogo. Nalisema mapema ili usiende ukitegemea jumba kama lile la Makumbusho ya Taifa kule Posta, Dar, ukazunguka mbio mbio na kuanza kuuliza chakula kiko wapi. Mimi nilikaa pale karibu asubuhi nzima, na wifi yangu, ambaye njia nzima alikuwa akisema yeye makumbusho humtia usingizi, ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka.

Mimi ni fundi cherehani, nashona Mwanjelwa, Mbeya. Safari zangu na wifi hatuzipangi. Mteja akiahirisha sare za harusi, au umeme ukikatika na fununu zikisema hautarudi leo wala kesho, tunabeba begi moja, tunakwenda stendi ya Nane Nane, tunapanda basi. Mara hii lilikuwa la Iringa. Barabara yenyewe ni burudani, hasa ukishapita Makambako na kuingia kwenye ile mipaini ya Sao Hill karibu na Mafinga. Stendi kubwa ya Iringa siku hizi iko Igumbilo, nje ya mji, lakini ukitokea Mbeya mwambie konda akushushe Ipogolo. Hapo unachukua bajaji inayokupandisha mlimani mpaka mjini.

Gesti tuliyolala siitaji jina. Tuliambiwa maji ya moto yapo, na kweli yalikuwepo, kwenye ndoo, saa kumi na moja alfajiri, mtu anagonga mlango kama anadai kodi. Blanketi moja jembamba kwa watu wawili, na Iringa ya mwezi wa saba mnaijua. Nenda na sweta lako, na chumba ukikague kabla hujalipa.

Turudi Boma. Jengo lenyewe ni kitu cha kwanza cha kutazama. Wajerumani walilijenga mwaka 1914 kama hospitali ya jeshi, Waingereza wakaja wakaligeuza ofisi za serikali, na mwaka 2016 ndipo likafunguliwa kuwa makumbusho, chini ya Chuo Kikuu cha Iringa. Liko katikati ya mji, kutoka sokoni unatembea tu. Kuta ni nene, ndani kuna ubaridi hata jua likiwa utosini. Vyumba vinaeleza habari za mkoa na watu wake, vita na maisha ya nyumbani.

Wengi wanakimbilia silaha. Mimi nilinasa kwenye vikapu. Vikapu vya Iringa tumevizoea, Mbeya vinapita kila siku vimejaa parachichi, na ndiyo maana hatuvitazami. Pale nimeinama karibu kabisa. Kila mshipi uliosimama unashikwa na nyuzi mbili, moja inapita mbele, nyingine nyuma, kisha zinapishana kabla ya kushika mshipi unaofuata. Ukikifuata kwa jicho kuanzia kitakoni hadi mdomoni, hakuna mahali mkono umelegea. Kikapu kinatanuka tumboni na kurudi kubana juu bila kukatwa wala kuunganishwa popote. Mimi nikitaka gauni likae hivyo lazima niweke mikunjo minne ya kubana kitambaa. Huyu mama kafanya kwa vidole, labda huku anaongea na jirani. Kama hiyo siyo sanaa ya kuwekwa makumbusho, basi sijui sanaa ni nini.

Ushauri wangu: anza na Boma, ndipo uende Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe. Tuliowakuta Kalenga bila kupitia Boma walikuwa wanatazama fuvu lake tu na kupiga stori. Ukishapata habari za vita ya Lugalo, mambo yanakaa sawa. Agosti 17, 1891, jeshi la Wahehe lilivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo, wakamuua yeye na askari wake wengi. (Ndiyo, Lugalo ya kambi na hospitali ya jeshi Dar imepewa jina la hapo.) Wajerumani wakarudi na mizinga, ngome ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894, Mkwawa akapigana msituni miaka mingine karibu minne hadi alipojipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe.

Kalenga ni mwendo mfupi kutoka mjini, njia ya kuelekea Hifadhi ya Ruaha. Daladala zipo, sisi tulipatana na bajaji kwenda na kurudi, na mkipatana hivyo mwambieni dereva kabisa kwamba mtachelewa. Usitegemee kuikuta ngome imesimama. Ni kijiji, watu wanalima, na kijumba cha makumbusho. Ndani yake, kwenye kioo, ndilo fuvu. Wifi akanivuta mkono: "Wifi, hivi ndilo lenyewe kweli?" Mzee aliyetuongoza alimsikia, wala hakukasirika. Nadhani huulizwa kila siku.

Na swali lina haki yake. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kumaliza vita kuu, ulitaja fuvu hili kwa jina la mwenyewe na kuitaka Ujerumani ilitoe. Halikuonekana. Miaka ikapita hadi Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipokwenda kulitafuta Bremen, kwenye makumbusho yenye mafuvu mengi, akachagua moja kwa vipimo vilivyofanana na vya watu wa ukoo wa Mkwawa na kwa tundu la risasi. Juni 19, 1954 akalikabidhi hapo Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge. Kwa hiyo shaka inaruhusiwa. Lakini mimi niliyesimama pale sikuona kwamba inapunguza kitu. Kilichonishika ni kwamba kuna mafuvu mengine yalibaki kwenye kabati kule Bremen, na yale hayakuwa na gavana wa kuyafuata.

Neema Crafts tuliiweka siku ya pili, na kama unapenda kuona vitu vikitengenezwa, ipe muda kuliko kote. Ni karakana ya watu wenye ulemavu, ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi watatu chini ya Kanisa Anglikana. Nenda siku ya kazi uwakute kwenye vitanda vya kufumia. Wanafuma, wanatengeneza shanga, na karatasi zinatokana na kinyesi cha tembo. Nilinunua moja, nikainusa kwa siri, inanuka karatasi. Wahudumu wa mgahawa ni viziwi, unaandika unachotaka au unajifunza ishara kidogo. Kahawa nzuri, bei juu kidogo ya mama ntilie, sikujutia. Mfumaji mmoja aliuona mshono wa blauzi yangu, akaugeuza nje ndani, akanionesha dole gumba. Sifa za wateja wangu wote wa mwaka huu hazijafika hapo.

Wakati wa kurudi Mbeya, Isimila iko njiani, kama kilomita 20 kutoka mjini: zana za mawe za watu wa kale na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua. Shuka asubuhi, bonde halina kivuli, na usivae kandambili kama wifi.