LNA ipi ununue kwa redio ya SDR: mpangilio wangu, kutoka Dodoma

"Shikamoo fundi. Naomba busta ya hii."

Alikuwa kijana wa chuo, kijiti cha RTL-SDR mkononi, antena kaitia kwenye mfuko wa rambo. Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza anatafuta nini hewani. Picha za setilaiti za hali ya hewa, akasema, ila zinakuja na chenga tupu. Waya una urefu gani? Mita kumi na mbili, ule mwembamba mweusi. Basi dawa yake siku ile ilikuwa waya, na nilimwambia hivyo japo LNA ninazo kabatini.

Naandika kwa ajili yake na wengine wanaouliza swali lile lile. SDR ni redio ambayo kazi ya kuchagua na kutafsiri mawimbi inafanywa na programu ya kompyuta, si koili na vipuri. Kijiti cha RTL-SDR kinachoingia kwenye tundu la USB kinashika kuanzia megahezi 24 hadi kama 1,766, na ni rahisi kwa bei. LNA ni kikuza mawimbi chenye kelele ndogo, kinachokaa kati ya antena na kijiti. Wengi wenu mnayo juu ya bati bila kujua: imo ndani ya LNB, kile kichwa cha dishi. Angalieni imewekwa wapi. Iko kule kule mbele ya dishi, siyo nyuma ya TV, na king'amuzi kinaipandishia umeme wa volti 13 au 18 kupitia waya ule ule unaoshusha picha. SDR inafuata mpango huo huo, isipokuwa umeme ni kama volti 4.5 hadi 5, na njia ya kuupandisha wenyewe wanaiita bayasi-tii. Vijiti vya RTL-SDR Blog V3 na V4 vinayo tayari, unaiwasha kwenye programu.

Kwa nini juu na siyo mezani? Kila kifaa kinaongeza kelele yake, na kelele ya kifaa cha kwanza ndiyo inayobaki hadi mwisho. Waya uliotangulia LNA unakula mawimbi, na kilicholiwa hakirudi hata ukikuza vipi. Waya wa RG-58 kwenye megahezi 1,090 unakula karibu desibeli 6 kwa mita 10, maana yake robo tatu ya ulichokamata imeishia njiani. Ule mwembamba zaidi, RG-174, ni mbaya kuliko huo. RG-6, waya wa dishi unaoupata duka lolote la vifaa vya TV pale Majengo, unakula kama desibeli 2 tu. Watu wanaogopa kwamba RG-6 ni ya omu 75 na SDR ni ya omu 50. Hasara ya tofauti hiyo haifiki robo ya desibeli, achana nayo. Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote, badilisha waya na uinue antena. Ukishafanya hivyo na bado hakitoshi, endelea kusoma.

Namba moja: LNA yenye filta ya masafa yako

Hapa ndipo ningeweka hela yangu, na hasa kwa anayeishi mjini. Mfano ninaoutumia ni SAWbird+ za kampuni ya Nooelec. Kuna ya megahezi 137 kwa setilaiti za hali ya hewa, kuna ya 1,090 kwa ndege zinazotangaza mahali zilipo, kuna ya 1,420 kwa wanaosaka haidrojeni ya angani. Inapokea umeme kupitia waya wa antena.

Kisa cha filta, yaani kichujio kinachozuia masafa mengine, nilikipata kwa kuungua mwenyewe. LNA yangu ya kwanza ilikuwa ya masafa mapana, haina filta. Nikaifunga kwenye antena kule Kisasa, nikakaa kusubiri setilaiti ya Meteor kwenye 137.9. Muda ukafika, setilaiti ikapanda, na kwenye spika nikasikia taarifa ya habari. Kiswahili safi kabisa, msomaji anataja bei ya mahindi. Nikasogea 137.5, yumo. Nikasogea 140, yumo, tena na mwenzake wa kituo kingine wanazungumza kwa pamoja. Setilaiti ikapita juu ya Kondoa ikaenda zake, mimi nimebaki na bei ya mahindi.

Kilichotokea ni hiki. Vituo vya FM viko kati ya 88 na 108, jirani kabisa na 137, na mtambo wao uko kilomita chache tu kutoka kwako wakati setilaiti iko kama kilomita 820 juu na inatuma kwa nguvu ya wati chache. Kijiti cha RTL-SDR kina kipimo cha biti 8 tu. Hakiwezi kusikia mnong'ono na mayowe kwa wakati mmoja. LNA isiyo na filta inakuza vyote kwa pamoja, kijiti kinalemewa, na FM zinaanza kuchipuka mahali zisipokuwepo. Ni sawa na kugawa vipaza sauti kwa kila mtu soko la Sabasaba ili umsikie mama mmoja anayeuza karanga.

Filta inawanyamazisha wale wengine. Nilipoweka LNA ya 137 yenye filta, antena ile ile, waya ule ule, msomaji wa habari akatoweka na picha ikashuka mstari kwa mstari.

Angalizo kwa wanaofuata maelekezo ya zamani: NOAA 15, 18 na 19, zile zilizokuwa zinatuma picha za analogi kwenye 137, zilizimwa mwaka 2025. Zinazobaki kwa vifaa hivi ni Meteor-M N2-3 na N2-4 za Urusi, na programu ya SatDump inazisoma. LNA ya 137 bado ina kazi, hata kama jina kwenye boksi ni la NOAA.

Kasoro ya LNA ya aina hii ni moja: imeoa masafa yake. Ya 137 haitakusaidia kwa ndege. Anayepapasa kila kitu, leo ndege kesho setilaiti za mawasiliano za Inmarsat, inabidi anunue mbili tatu au ashuke namba mbili.

Namba mbili: LNA ya masafa mapana pamoja na filta ya FM

RTL-SDR Blog wana LNA ya masafa mapana inayopokea umeme wa bayasi-tii, na Nooelec wana LaNA. Zote zinatembea kutoka makumi ya megahezi hadi kwenye gigahezi kadhaa. Nunua na filta ya kuzuia FM hapo hapo, usijiambie utainunua baadaye. Swali ni filta ikae wapi. Vitabu vitakwambia LNA kwanza, maana filta nayo inakula kidogo. Mjini Dodoma mimi naweka filta kwanza, kisha LNA, kwa sababu LNA yenyewe inaweza kulemewa na mtambo wa karibu. Ukiwa Bahi au Hombolo, mbali na minara, geuza mpangilio, au toa filta kabisa usikilize tofauti.

Filta ikikaa baada ya LNA, hakikisha inapitisha umeme wa DC unaopanda kwenye waya, la sivyo LNA itabaki njaa huko juu nawe unalaumu mzigo.

Namba tatu: kijiti chenye LNA ndani, kwa ndege tu

FlightAware Pro Stick Plus, kile cha bluu, kina LNA na filta ya 1,090 ndani yake. Unakichomeka, umemaliza. Anga letu la kati lina ndege za Dar kwenda Mwanza na nyingine nyingi zinazopita juu bila kutua, na ndege iliyo kwenye kimo chake cha safari inaonekana mamia ya kilomita. Nimeiweka namba tatu kwa sababu LNA yake iko mwisho wa waya, palepale nilipowaambia isikae. Ukiiunganisha na antena kwa waya wa mita moja, sawa kabisa. Ukiwa na mita kumi za RG-58, umelipia LNA na kuifunga mdomo.

Namba nne: kibao cha SPF5189Z

Ndicho kibao kidogo cha bei chee kinachouzwa mtandaoni chini ya dola 10. Chipu yenyewe ni nzuri, kelele yake kwenye karatasi ni desibeli 0.6, wakati kijiti peke yake ni kama 3.5. Tatizo ni kila kinachoizunguka. Mara nyingi hakina filta, hakina kasha la chuma, na hakipokei umeme wa waya mpaka ukifanyie upasuaji, kwa hiyo unapandisha waya wa pili wa volti 5. Ukiulisha kwa chaja ya simu ya bei rahisi, kelele ya chaja inaingia ndani nayo. Kwa anayejua kulehemu vipuri na ana kopo la chuma, ni mazoezi mazuri. Kwa mwingine, ongeza hela.

Ya mwisho: busta ya antena ya TV

Inapatikana kila kona, na kijana wangu aliitaka hiyo. Busta nyingi zinaishia chini ya megahezi 900, kwa hiyo 1,090 hazigusi. Kwenye 137 zinakuza FM kwa moyo wote. Na ile pawa yake ya volti 12 ukiichomeka kinyume, umeme unaingia kwenye kijiti na hadithi inaishia hapo.

Kwa wanaosikiliza mawimbi mafupi chini ya megahezi 30, msinunue chochote kati ya hivi. Huko kelele ya angani na ya majirani ni kubwa kuliko ya redio. Zima taa za LED na kontrola ya sola, utashangaa.

Vitu viwili vya kutunza. Kiangazi cha hapa, upepo ukipeperusha vumbi, antena ndefu inajaa chaji, na mlango wa LNA ni mwororo kwa chaji; nimepoteza moja hivyo, haikupigwa na radi wala nini, ilikuwa kiziwi tu asubuhi. Sasa nachomoa waya usiku, na mawingu ya Januari yakinguruma nachomoa nikikimbia. Pili, usiwashe bayasi-tii kama juu hakuna LNA, maana baadhi ya antena ndani zimeunganishwa, na hapo unapiga shoti.

Na ukishaifunga, usishangilie kwa kuona grafu imepanda. Fungua programu ya SDR++, simama kwenye ishara dhaifu, washa na uzime LNA. Tazama pengo kati ya kilele cha ishara na sakafu ya kelele. Vikipanda vyote kwa kiasi kile kile, hujapata kitu. Punguza gaini ya kijiti, yaani kiwango chake cha kukuza, hatua kwa hatua mpaka pengo liwe pana kuliko lote; ukiwa na LNA mara nyingi gaini hiyo itakuwa mbali chini ya kile kiwango cha juu ambacho kila mtu anakimbilia. Kijana yule alirudi wiki iliyofuata na RG-6 na filta ya FM, bila LNA yoyote. Picha yake ya Meteor ilionyesha Ziwa Victoria lote na kipande cha Tanganyika, na mapengo meusi yalibaki pembezoni tu, pale setilaiti ilipokuwa inazama.