R50 na R5: kamera mbili katika harusi zetu za Unguja

Kwenye harusi zetu kuna chumba ambacho mpiga picha mwanamume haingii. Humo bi harusi anasingwa na kupakwa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, wanawake wameshavua mabuibui, udi unafuka, na anayeruhusiwa kushika kamera ni mwanamke mwenzao tu. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nilianza kuifanya kwa Canon EOS R50, kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya anayeanza, na sasa naifanya kwa Canon EOS R5, ya watu wa kazi. Zote ni mirolesi, zile zisizo na kioo ndani. R50 niliinunua mpya, kwa fedha za mchezo zamu yangu ilipofika. R5 ilikuwa imeshatumika; kaka aliniletea kutoka Dubai na nikamlipa kidogo kidogo kwa miezi saba. Hakuna duka lililonipa kitu ili niandike haya.

Nianze na bei, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. R5 ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa dola 3,899 bila lenzi. R50 ilitoka 2023 kwa dola 680 hivi, nayo bila lenzi. Fedha za moja zinanunua tano za pili na chenji inabaki. Wasichana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huniuliza kama picha nazo ni nzuri mara tano. Mchana, hapana. Mchana hata mara moja na nusu sioni.

Msimu uliopita wa karafuu nilikwenda Wete, Pemba, kwa ndugu za mama, nikabeba R50 peke yake na lenzi mbili: ile ndogo ya 18-45mm inayokuja nayo, na 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inaingiza mwanga mwingi). Kamera ikiwa na betri na kadi ina gramu 375 tu, ikaingia kwenye mkoba mmoja na kanga zangu. Nilipiga karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi, watoto wakichambua makonyo, bibi akizigeuza kwa mkono. Udogo wake ulinifaa kuliko nilivyotegemea. Ukimwelekezea mtu kamera kubwa hukakamaa kama anapigwa ya paspoti. Hii waliisahau baada ya dakika chache. Wiki tatu baadaye nilirudi na R5, uani pale pale, saa ile ile ya asubuhi. Nikasafisha picha mbili kwa ukubwa wa A4, moja ya kila kamera, nikampa mama mdogo achague. Alichagua ya R50, kwa sababu humo amecheka. Mimi nikizivuta kwenye kompyuta naona R5 imeshika kila ukindu wa jamvi. Kwenye karatasi tofauti hiyo sikuiona. Megapikseli 24 za R50, yaani nukta milioni 24 kwa kila picha, zinafika A3 bila shida yoyote.

Katika kufokasi pia R50 haina unyonge. Imetoka miaka mitatu baada ya R5 na imerithi mfumo wa kamera kubwa za kampuni ile ile: inalitafuta jicho lenyewe na kulifuata, hata mtoto akikimbia. Kwa aliyevaa nikabu, yaani macho tu ndiyo yanaonekana, mara nyingi hulishika vilevile. Miaka kumi nyuma kamera ya bei hii isingethubutu.

Usiku ndipo zinapoachana. Kumbi zetu siku hizi ni taa za rangi, zambarau na buluu, na bi harusi anapoingia huzimwa karibu zote zikabaki za simu za wageni. Lenzi ya 18-45mm inaanzia f/4.5, na ukiivuta hadi mwisho inakuwa f/6.3, kwa hiyo R50 inalazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, mpaka 6400 na zaidi. Picha zinajaa chenga. Wanja unayeyuka, na piko, ambalo mchoraji amelikalia kwa muda wa saa nne, linachanganyika na ngozi. Sensa ya R5, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ina eneo zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya R50, basi inakusanya mwanga mwingi zaidi kwa picha nzima. Kwa ISO ile ile 6400 weusi wa piko unabaki mweusi na ua dogo kwenye kidole linahesabika majani. Hapo pia ndipo megapikseli 45 zinapolipa: napiga mikono yote miwili mapajani, kisha nakata kidole kimoja chenye pete na bado picha inafaa kwa albamu.

Mwenye R50 asikate tamaa lakini. Ile 50mm f/1.8, yenye gramu 160 tu, inaondoa karibu nusu ya tatizo. Lawama yangu kwayo ni nafasi. Kwa sababu ya sensa ndogo, 50mm kwenye R50 inaona kama 80mm, na vyumba vya juu vya Mji Mkongwe ni vyembamba. Mara nyingi mgongo wangu ulikuwa ukutani na bado miguu ya bi harusi imekatika. Tena R50 haina kizuia mtikisiko ndani ya kamera, na lenzi hiyo nayo haina. R5 inacho. Somo, yaani mwanamke anayemfunda bi harusi, akisaga liwa ya kumpaka taratibu kwenye jiwe naweza kupiga kwa sehemu ya 15 ya sekunde bila kiegemeo. Wakianza kucheza, kizuia mtikisiko hakisaidii lolote. Hapo dawa ni mwanga.

Na kuhusu mwanga, anayetaka R50 ajue jambo hili kabla ya siku ya kazi: pale juu pa kuchomeka flashi ni pa mtindo mpya. Flashi ya zamani niliyokuwa nayo ilihitaji adapta, AD-E1, ndipo ikae na kuwaka. Nilijua Alhamisi na harusi ilikuwa Ijumaa. Kwenye R5 flashi ile ile inaingia moja kwa moja.

Lakini giza silo lililonifanya nitafute R5. Ilikuwa usiku wa hina, nyumba moja ya Mlandege. R50 ina nafasi ya kadi moja. Nilipiga tangu alasiri mpaka saa nne ya usiku: mikono, miguu, bibi yake akimpepea piko likauke, mama yake amesimama dirishani akifuta machozi ili binti asimwone. Ile ya mama niliijua palepale kuwa ndiyo picha ya harusi nzima. Nilipofika nyumbani kadi haikusomeka. Kamera haikuwa na kosa. Kadi ni kitu kinachokufa, na hakitoi taarifa. Fundi mmoja wa Darajani alikaa nayo siku mbili akaokoa picha kama sitini, karibu zote za mwanzo, kabla hina haijafunguliwa. Sikupiga simu, nilikwenda mwenyewe kumwambia mama mtu, nikamrudishia fedha zote. Alizipokea, akanikaribisha chai, akasema, "Mwanangu, wewe umefanya lako. Lakini hina ile imeshafutika." Mpaka leo nikipita mtaa ule nafsi inanisuta.

R5 ina nafasi mbili za kadi, moja ya CFexpress na moja ya SD, na ukiiweka hivyo kila picha inaandikwa kote kuwili kwa wakati mmoja. Mimi nimeiweka RAW, faili ghafi na kubwa, iende kwenye CFexpress, na JPEG, faili dogo la kawaida, kwenye SD. Kadi za CFexpress ni ghali na zinataka kisomeo chake, na nilinung'unika nilipozinunua. Sasa sinung'uniki tena.

Ina mzigo wake pia, na sitauficha. Kamera bila lenzi, ikiwa na betri na kadi, ni gramu 738, na lenzi ya 24-70mm f/2.8 ni 900 nyingine. Kilo moja na gramu mia sita mkononi kuanzia magharibi mpaka usiku wa manane, mkono wa kulia unaniuma mpaka kesho yake. Faili moja la RAW ni karibu megabaiti 45 na zaidi, kwa hiyo harusi yenye picha elfu moja inakula si chini ya gigabaiti 45, na kompyuta yangu, iliyoendana vizuri na R50, ikaanza kusota. Ilinibidi ninunue diski mbili za nje. Video ya 8K sijaihitaji hata siku moja. Anayepiga hesabu ya R5 apige na hivi vyote, asihesabu bei ya kamera tu.

Ufukweni nabeba R5. Mwili wake umezibwa dhidi ya vumbi na manyunyu, na ukitaka unaiweka ifunge shata ikizimwa, ili sensa isibaki wazi unapobadilisha lenzi. Kusi likivuma Paje, mchanga na chumvi vinapenya kila tundu. R50 haina ziba hiyo, basi upepo ukianza mimi hurudi nayo ndani. Zote mbili nazihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana na vifuko vya kunyonya unyevu, maana kuvu ya lenzi hapa kwetu haichagui kamera ya bei gani.

R50 sikuiuza. Mdogo wangu wa kiume ndiye anayekwenda nayo msikitini kupiga nikaha. Anaiweka kwenye shata ya kimya, anakaa pembeni kama mtu mwingine yeyote, na mwozeshaji hasikii mlio hata mmoja. Kwa mwanga wa asubuhi unaoingia kwenye madirisha picha zake zinakaa albamu moja na zangu na hakuna aliyewahi kuuliza.

Kwa hiyo dada unayeuza vitenge, au unayepiga watoto siku ya kuhitimu skuli, au mikahawa na hoteli za mchana, chukua R50 na utulie. Fedha ya mwanzo inayofuata weka kwenye 50mm, na baadaye lenzi hiyo itahamia R5 ukiipata. Ila harusi ya mtu usiichukue peke yako na kamera ya kadi moja. Azima au kodi kamera ya pili, hata ya zamani, mpe mwenzako apige yale yale.

Mimi siku hizi usiku ukimalizika, kabla sijavaa buibui langu, naitoa kadi ya SD kwenye R5 na kumkabidhi mama wa bi harusi. Humo mna wanawake wa ukoo mzima, vichwa wazi, na ni haki yao kujua picha zao ziko wapi. Wi-Fi ya kamera naizima tangu mlangoni. Ile kadi nyingine naondoka nayo mimi. Wengi wao hawaiweki hata kwenye pochi. Huifunga pale pale kwenye pindo la kanga.