Uzi, vibrashi au mashine ya maji: ninachotumia na ninachomshauri mwenye magego kama yangu

Mimi ni fundi cherehani wa Kariakoo. Uzi wa meno nikiununua naukagua kama ninavyokagua roli la dukani kwangu: nauvuta, nauzungusha kidoleni, naangalia kama unachambuka. Nimejaribu karibu kila kifaa cha kusafishia katikati ya meno kinachopatikana Dar es Salaam, na msimamo wangu ni huu: nafasi iliyopo kati ya meno yako ndiyo inayokuchagulia kifaa. Palipobana, uzi wenye nta. Palipoachana, kibrashi. Watu wazima wengi watahitaji vyote viwili, maana meno ya mbele na magego hayajapangana sawa.

Nyuzi za embe, nyama ya mishkaki na makapi ya muwa hayana haja ya kukumbushwa. Yakinasa utahangaika nayo mpaka yatoke. Kinachoharibu jino ni ule utando laini usiouona wala kuuhisi, unaojengeka kila siku pale jino linapogusana na mwenziwe. Bakteria waliomo hula sukari na kutoa asidi. Utando ukiachwa hugandamana ukawa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki wala kwa uzi. Huo ni wa daktari. Gego langu la chini lililozibwa lilitobokea ubavuni. Kwenye picha ya eksirei juu palikuwa pazima kabisa, doa liko pembeni, mahali ambapo mswaki haufiki hata upige mswaki mara ngapi.

Uzi ninaoutumia ni wa Oral-B, wenye nta na ladha ya mnanaa, mita 50 ndani ya kikasha chenye kimeno cha kukatia. Ukikata sentimita 45 kila usiku, roli moja linakupa zaidi ya mara 110, yaani miezi mitatu na kitu. Sentimita 45 zinaonekana nyingi mpaka uanze kuzitumia. Sehemu kubwa naizungusha kwenye kidole cha kati cha mkono mmoja, ncha naifunga kwenye kidole cha kati cha mkono wa pili, katikati nabakiza kipande kifupi cha kufanyia kazi. Nikihamia jino jingine nafungua kipande kisafi upande huu na kukunja kilichotumika upande ule. Uzi unashushwa taratibu kwa kuusogeza mbele na nyuma, usiusukume kwa nguvu ukachapa ufizi. Ukishapita unaukunja ukumbatie jino moja, unasugua juu na chini, halafu unaukumbatisha jino la pili. Kwenye kule kukumbatia ndiko iliko kazi yenyewe. Anayepitisha uzi na kuutoa ametoa mabaki ya chakula tu, utando kauacha palepale.

Uzi usio na nta ni mwembamba zaidi, lakini kwenye meno yaliyobanana unachambuka. Kuna aina nyingine bapa, ya PTFE, malighafi ileile ya utepe mweupe ambao mafundi bomba hufungia viungio. Inateleza kuliko zote, na kama uzi wa kawaida wa nailoni haupiti kabisa kwenye meno yako, nunua hiyo. Mimi naona inateleza mno, vidole vyenye mate haviishiki.

Wateja wangu huniuliza kama uzi wa cherehani unafaa. Haufai. Umesokotwa ukawa mgumu, na unakata ufizi kirahisi. Zamani uzi wa kazi hii ulikuwa hariri. Daktari wa meno wa New Orleans, Levi Spear Parmly, aliupendekeza kwenye kitabu chake cha mwaka 1819. Nailoni ilikuja kuchukua nafasi miaka ya 1940, na kama mtu ninayejua nyuzi naikubali, kwa sababu inahimili kuvutwa.

Jambo moja ambalo sijaliona limeandikwa kwenye kikasha chochote: kama uzi unachambuka au kukatika mahali palepale kila usiku, usihangaike kubadili uzi, nenda kwa daktari. Mara nyingi hapo pana ukingo mkali, wa jino lililoanza kutoboka au wa mahali palipozibwa pakaachia. Na damu ya siku za mwanzo isikutishe ukaacha, kwa kuwa ufizi uliovimba ndio unaotoa damu, na ukisafishwa kila siku hutulia. Ikipita wiki mbili bado inatoka, hapo pia ni kwa daktari.

Sasa vibrashi. Hivi ni viwaya vyembamba vyenye nywele pande zote na mpini mfupi, na kwa magego navipenda kuliko uzi. Ubavu wa gego una bonde karibu na ufizi. Uzi uliokazwa unapita juu ya bonde bila kuligusa, nywele za kibrashi zinaingia ndani. Nina vya TePe vya Uswidi, nilivyoletewa na shemeji yangu, na raha yake ni kwamba kila ukubwa una rangi yake: pinki ni milimita 0.4, chungwa 0.45, nyekundu 0.5, bluu 0.6, njano 0.7, kijani 0.8, na vinaendelea hadi cheusi cha 1.5. Kwangu nyekundu kinatosha nyuma ya chonge, na njano ndicho kinachofaa kati ya magego mawili ya mwisho. Ukubwa sahihi unaingia kwa kubana kidogo, nywele zikigusa pande zote mbili, waya usipinde. Kikiingia bila kugusa chochote ni kidogo. Kikikataa usikilazimishe, shuka rangi moja. Unakisuuza, unakianika, unakitumia tena mpaka nywele zilale. Niliwahi kununua vya bei poa kwa mchuuzi, pakiti haina jina wala namba ya ukubwa, waya ukakatikia katikati ya meno. Namba ya ukubwa isipoandikwa, rudisha.

Vile viplastiki vyenye umbo la upinde, vilivyofungwa kipande cha uzi tayari, vinauzwa sana na vinapendeza machoni. Nina kimoja kwenye mkoba kwa ajili ya safari na harusi. Kwa kila siku sivitaki. Uzi wake umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo, haukunjiki kukumbatia jino, na kipande kilekile kinazunguka kinywa kizima kikihamisha uchafu. Halafu kila usiku unatupa plastiki. Lakini mama yangu, ambaye vidole vinamuuma na hawezi kuzungusha uzi, namnunulia vyenye mpini mrefu kama wa mswaki, na anavitumia vizuri, akisuuza kila baada ya meno machache. Kwa mtu kama yeye, au mtoto anayesafishwa na mzazi, ni chaguo halali.

Vijiti vya mezani hotelini ni vya kutolea kipande cha nyama. Huwezi kusafishia utando kwa kijiti cha duara chenye ncha, na kinachomachoma ufizi.

Mashine ya maji nimeitumia kwa mpwa wangu aliyefungwa nyaya za kunyoosha meno. Kwake imefaa, kwa sababu kupenyeza uzi chini ya nyaya kila usiku ni mateso, na maji yenye mgandamizo yanapita kila mahali. Vivyo hivyo kwa mwenye daraja la meno, yaani jino la bandia lililoshikizwa kwenye meno ya jirani. Kwa mwenye meno ya kawaida, bei yake inakununulia uzi wa miaka, na utando uliogandia kwenye jino huondoka vizuri zaidi kwa kusuguliwa.

Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, nunua roli la uzi wenye nta. Utumie kinywa kizima, ukihesabu nafasi ambazo uzi unapita bila kubana hata kidogo. Hizo ndizo za kibrashi, na ukienda dukani mwezi ujao uliza kama wana pakiti ya mchanganyiko yenye kimoja cha kila rangi, ujipime nyumbani mbele ya kioo kabla ya kununua pakiti nzima ya saizi moja.